Mtama wa Dodoma hauishi kwa wastani wa mwaka

Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na takwimu hiyo haimsaidii mkulima wa wilaya ya Bahi hata kidogo. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katikati yake, Januari au Februari, mvua hukata. Ikikata wiki moja, mtama unavumilia. Ikikata wiki tatu wakati mahindi yanatoa mbelewele, hata Machi inyeshe namna gani, gunzi limeshakosa punje. Jumla ya mwaka itasomeka ya kawaida, na ghala liko tupu.

Ndiyo maana nazithamini sana modeli za mazao, zile programu za kompyuta kama APSIM ya Australia na DSSAT ya Marekani. Zinafuata siku kwa siku: mvua iliyonyesha, maji yaliyotiririka, yaliyokaushwa na jua, yaliyonyonywa na mizizi, na kama mmea umeshinda na kiu. Joto nalo lina hesabu yake. Kwa mtama huhesabiwa joto lililozidi nyuzi 8 hivi. Siku yenye wastani wa nyuzi 24 inaupa mmea 16, na mmea hukomaa jumla ya joto hilo inapotimia. Mbegu inayokomaa kwa siku 110 katika hali hiyo, ongeza nyuzi 2 tu, itakomaa kwa siku 98 hivi. Wapo wanaosikia hivyo wakafurahia mavuno ya mapema. Lakini siku 12 hizo zilikuwa za majani kufanya kazi juani na punje kujaa. Zikipotea, suke linakuwa jepesi. Modeli inakuwezesha kujaribu mbegu ya muda mfupi na ya muda mrefu kwa mvua za miaka 30 iliyopita, uone ipi inaukwepa ukame wa Februari. Shambani kazi hiyo ingekula miaka 30.

Ninachopinga ni haraka ya kurukia kutabiri mavuno ya 2050. Modeli iliyolishwa mvua ya kituo kimoja cha mjini haiwezi kuzisemea wilaya za Mpwapwa na Chemba. Huku kwetu mvua hunyesha upande huu wa kilima, upande wa pili watu wanakanyaga vumbi. Kichanga na udongo mweusi wa mbugani navyo havitunzi maji sawa. Kongwa, humuhumu Dodoma, tulishaonyeshwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka mapori pale ili ilime karanga kwa matrekta. Udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikutosha, na 1951 mradi ukafutwa. Mipango na hesabu vilikuwapo tele.

Halafu kuna kweleakwelea, ndege wadogo wanaoshambulia punje za mtama kwa makundi. Hesabu za maji na joto zitasema mtama unafaa Dodoma kuliko mahindi, na ni kweli. Mama aliyeamia ndege tangu alfajiri hadi jua kuzama, wiki baada ya wiki, huku watoto wakikosa shule, ana sababu nzito ya kurudi kwenye mahindi. Modeli haimwoni ndege. Haioni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, mpaka mtu akiingize, wala haijui bei ya mtama sokoni. Mtafiti anayeandika kwamba wakulima hawapokei ushauri angepaswa kwanza kukaa shambani wakati suke linapoiva.

Kwa hiyo pesa zianzie chini. Kila kata iwe na kipima mvua, na kiwe mahali palipo wazi, mbali na miti na mabati. Shule ya msingi inaweza kukisoma kila asubuhi saa tatu. Afisa ugani aandike tarehe ya kupanda, ya masuke kutoka, ya kuvuna, kilo kwa ekari, na kama matuta yalizibwa kushika maji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na watafiti wa kituo cha Hombolo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) wapewe madaftari hayo. Kazi yao ya kwanza iwe kuirudisha modeli kwenye misimu iliyopita ya kata ileile, na mwaka ambao wenyeji wanaukumbuka kwa njaa uonekane kwenye matokeo. Usipoonekana, warudi wakapime udongo upya kabla ya kumtajia yeyote mavuno ya 2050.