Dola milioni kwa siku mbili: US Open na hatima ya tenisi ya wawili wawili

Nusura Sara Errani na Andrea Vavassori wakose hata nafasi ya kutetea ubingwa wao. Waitaliano hao walitwaa taji la wawili mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, kwenye US Open ya 2024. Mwaka uliofuata waandaaji wakapindua meza. Timu zikapunguzwa kutoka 32 hadi 16. Mechi zikatolewa kwenye wiki mbili za kawaida na kubanwa katika siku mbili, Agosti 19 na 20, kabla ya mashindano ya mmoja mmoja kuanza. Nafasi nane zikagawiwa kwa kuangalia viwango vya wachezaji katika mchezo wa mmoja mmoja, nane zilizobaki zikawa za mwaliko. Zawadi ya mabingwa ikaruka kutoka dola 200,000 hadi milioni 1.

Errani na Vavassori waliingia kwa mwaliko, wakajikuta karibu peke yao kama jozi ya wataalamu wa mchezo huo kati ya nyota wa mmoja mmoja. Wakalibeba kombe tena, wakiwafunga Iga Swiatek na Casper Ruud 6-3, 5-7, 10-6, seti ya tatu ikiwa taibreka, yaani mbio fupi ya kufikia pointi 10.

Tangu hapo kila upande, waandaaji na wakosoaji wao, unadai kwamba matokeo yale ni ushahidi wake. Kusema kweli, kila upande una haki kiasi.

Tuanze na waandaaji, ambao wametukanwa kuliko wanavyostahili. Kwa miaka mingi wawili mchanganyiko lilikuwa shindano la uani: viwanja vya pembeni, viti vitupu, na majina makubwa yakijitoa kwa sababu mechi ya mmoja mmoja inawasubiri kesho yake. Hili si suala la dharau tu. John McEnroe, nyota wa zamani, aliweza kutawala mmoja mmoja na wawili wawili, lakini tenisi ya leo inaubana mwili vibaya, na mtu anayejiandaa kwa seti tano hatajichosha bure. Kulitanguliza shindano kabla ya mechi za mmoja mmoja kulitibu ugonjwa wenyewe. Carlos Alcaraz akaja na Emma Raducanu, Novak Djokovic akaja na Olga Danilović, na watu wakajaa Arthur Ashe, uwanja wa viti zaidi ya 23,000. Wote wawili, Alcaraz na Djokovic, walitolewa raundi ya kwanza, lakini tiketi zilikuwa zimeshauzwa.

Upande wa pili unauliza swali gumu zaidi: hili ni taji la Grand Slam, yaani la mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi, au ni bonanza? Errani na Vavassori walilalamika mapema kwamba wachezaji wa wawili wawili wametendewa dhuluma, na baada ya kushinda Errani alisema ushindi ule ni wa wenzao wote waliofungiwa nje. Ukitazama fedha utaelewa uchungu wao. Wimbledon ya 2025 ilimlipa bingwa wa mmoja mmoja pauni milioni 3. Mabingwa wa wawili wawili walipata pauni 680,000, za kugawana, na wale wa mchanganyiko 135,000, za kugawana pia. Mtu anayeishi kwa mapato hayo, naye ana kocha wa kulipa na ndege za kupanda, anapoona zawadi imepandishwa mara tano siku ileile aliyofungiwa mlango, mwambie nini? Halafu kuna hili: kwenye US Open hiyohiyo mabingwa wa wawili wawili wanaume walishinda mechi sita ili wapate dola milioni 1 kwa jozi. Mchanganyiko ulidai mechi nne, tena tatu za kwanza zikiwa na seti za gemu nne tu.

Kuhusu ufupi wa seti, hapo siwaungi mkono wanaolalamika. Mzunguko wa mashindano ya kulipwa ya wanaume wawili wawili umekuwa ukicheza bila faida baada ya 40 kwa 40, yaani pointi moja tu inaamua gemu, na kumaliza seti ya tatu kwa taibreka ya pointi 10, tangu 2006. Wimbledon nayo ilipunguza seti za wawili wanaume kutoka tano hadi tatu mwaka 2023. Maji yale yalishamwagika.

Kinachonikera ni kigezo cha kuingia. Wawili wawili ni fani nyingine. Uwanja unapanuka kutoka mita 8.23 hadi 10.97, na kila kitu kinabadilika. Mtazame mchezaji wa wavuni kabla mwenzake hajaanzisha mpira: amechuchumaa katikati, karibu agote wavu kwa paji la uso, mkono mmoja nyuma ya mgongo ukionyesha vidole. Kidole hiki, mpira upigwe katikati. Kile, ninakatiza kulia. Anayepokea haoni ishara, anaona kivuli kinachoweza kwenda popote, na ana chini ya sekunde moja ya kuamua. Mpigaji bora wa mmoja mmoja anaweza kukosa kabisa jibu hapo, maana hajazoea kumpita mtu aliyesimama mita chache mbele yake. Kumpa nafasi kwa kiwango chake cha mmoja mmoja ni sawa na kuchagua timu ya mbio za kupokezana vijiti kwa muda wa maratoni.

Wala nyota si adui wa mchezo huu. Nick Kyrgios na Thanasi Kokkinakis waliingia Australian Open ya 2022 kwa mwaliko, wakageuza wawili wawili kuwa gumzo la Melbourne na kulichukua taji. Lakini walipita kwenye droo ya timu 64 iliyojaa wataalamu, na njiani wakawatoa waliopangwa nambari moja, Nikola Mektić na Mate Pavić. Umati ulijaa kwa sababu ya majina, na ushindi ukawa na uzito kwa sababu ya waliofungwa.

Kwa hiyo wiki ya mapema ibaki, fedha zibaki, hata seti fupi zibaki. Turudishe timu 32, nusu waingie kwa kiwango cha wawili wawili, nyota wapewe mialiko kadiri waandaaji wanavyotaka. Timu 32 zinahitaji raundi tano badala ya nne. Siku moja ya ziada inatosha.