Muuza Sabuni Ndiye Mwandishi

Wanaodharau tamthilia za kila jioni wana lalamiko moja: hadithi haisogei. Binti kaijua siri tangu Jumatatu, Ijumaa bado kashika simu hajampigia mtu. Mimi naona huo si uzembe wa mwandishi. Mwenye hela ndivyo anavyotaka, na mwenye hela wa kwanza alikuwa muuza sabuni.

Ilikuwa Marekani, miaka ya 1930. Redio za mchana zilisikilizwa sana na akina mama waliokuwa nyumbani wakifua na kupika. Procter & Gamble, Colgate-Palmolive na Lever Brothers, kampuni za sabuni, hawakuishia kununua nafasi ya tangazo; walidhamini vipindi vizima. Magazeti yakavibeza kwa jina la “opera ya sabuni”, kama filamu za wachunga ng'ombe zilivyoitwa “opera ya farasi”. Opera ni burudani ya wakubwa, hivyo kuibandika kwenye vilio vya jikoni ilikuwa kejeli tupu, na iliwalenga wanawake.

Chukua Ma Perkins, kipindi kilichoanzia Cincinnati mwaka 1933 kikauza Oxydol, sabuni ya unga ya Procter & Gamble. Ni habari za mjane mwenye biashara ya mbao katika mji wa kubuni, Rushville Center, anayeshauri kila mtu. Robo saa tu, siku tano kwa wiki, na matangazo humo humo. Msikilizaji mwenyewe yuko kwenye beseni, mara katoka kuanika, mara mtoto analia. Basi wahusika waliitana majina kila dakika, na ya jana yakasimuliwa tena leo. Virginia Payne alianza kumwigiza Ma Perkins akiwa bado kijana, akaacha mwaka 1960 baada ya vipindi zaidi ya 7,000. Haraka ya nini? Hadithi ikiisha, nani atasikia habari za Oxydol?

Irna Phillips, mwandishi aliyeanzisha tamthilia ya redio Painted Dreams huko Chicago mwaka 1930, aliishitaki redio iliyoirusha akidai hadithi ni mali yake. Akashindwa. Baadaye akabuni Guiding Light, iliyoanza redioni mwaka 1937, ikahamia runingani, ikadumu hadi 2009.

Kwetu, Radio Tanzania ilianza kurusha tamthilia ya Twende na Wakati mwaka 1993. Kilichouzwa safari hii ni uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Mtambo wa Dodoma haukukirusha kipindi hicho miaka ya mwanzo, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Mdhamini ni mdhamini, lazima ajue hela yake imefanya nini. Ila huyu alitaka hadithi ifike mahali. Mhusika Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, ilibidi augue, na mkewe Tunu ilibidi amwache akaanze biashara yake. Ma Perkins angeweza kuwapikia majirani chai miaka mingine 30 na Oxydol isingelalamika.