Aprili 11, tarehe isiyo na mwenyewe

Kila Julai 25 Rais wa Tanzania huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa. Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mzee aliyepigana vita huweka shoka. Nje ya uwanja ni siku ya kazi kama nyingine. Sikukuu si sikukuu, soko liko wazi, na vijana wengi wanaiona Siku ya Mashujaa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, basi.

Ndiyo maana kila mwaka wapo wanaolalamika kwamba tumeisahau Vita ya Kagera, ile tuliyopigana na Uganda. Wana hoja. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, na Novemba 1 Amin akatangaza kuwa ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi letu. Maneno yale watu wanayo kichwani hadi leo, hata kwenye kampeni za uchaguzi yanatumika. Tarehe hawana.

Wanaotetea utaratibu wa sasa nao hawakosi la kusema. Julai 25 inawabeba wote, kuanzia waliopigana na Wajerumani katika Vita ya Majimaji hadi wanajeshi waliofia ulinzi wa amani nje ya nchi, bila kumsimanga jirani. Tukumbuke kwamba Julai 1979, kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kule Monrovia, wapo viongozi wa Afrika waliomlaumu Mwalimu waziwazi kwa kuingiza jeshi Uganda. Na leo bomba la mafuta la kutoka Hoima kwenda Tanga linapita mkoa uleule wa Kagera. Mwenye biashara na jirani hapendi kufukua makaburi.

Lakini Songea wanaonyesha kwamba kumbukumbu na ujirani havigombani. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni, na tarehe hiyohiyo ndiyo inayoadhimishwa pale hadi sasa, palipo kaburi la pamoja na Makumbusho ya Majimaji. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapohapo akaomba msamaha. (Ilikuwa miaka 45 kamili tangu tangazo la Amin, sikuona aliyelikumbuka.) Songea wana siku ya tukio lenyewe, wana mahali, wana wajukuu wa waliokufa. Julai 25 inamilikiwa na itifaki.

Hata hivyo neno "kusahau" naliona kali mno. Waulize watu wazima wa enzi zile, watakusimulia foleni ya sukari, sabuni ya kupanga mstari, na ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyoitangaza Mwalimu, ambayo haikuishia kwenye 18. Vita waliijua kwa duka la kijiji. Mkoa wenyewe, uliokuwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Hayo yote ni kumbukumbu, ila hayana sherehe, na mengine ni machungu kiasi kwamba serikali isingependa kuyapigia tarumbeta.

Upande wa Uganda mambo ni magumu zaidi. Wazee wa Buganda bado wanawaita askari wetu bakombozi, yaani wakombozi, lakini Siku ya Ukombozi huko ni Januari 26, siku NRM ya Museveni ilipoingia madarakani mwaka 1986. Baada ya Aprili 11 walipata serikali zilizoanguka moja baada ya nyingine, Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, akarudi, vita nyingine ikaanza. Nani ataisherehekea siku iliyofungua mlango wa hayo?

Mimi sidai sikukuu mpya. Tukipewa, tutalala hadi saa nne. Ningependa Aprili 11 majina ya askari wa vita ile waliozikwa Kaboya, Muleba, mkoani Kagera, yasomwe palepale mbele ya familia zao, na wawepo pia wananchi wa Kyaka na Mutukula, kule mpakani, waliopoteza ndugu, nyumba na ng'ombe, maana mkuki na ngao za Julai ni za wapiganaji. Waganda waalikwe. Wakiona vigumu kuja, mwaka wa kwanza tuanze wenyewe.