Rupia 500 za Sukhilala

Eti sinema za Kihindi za zamani ni kulia na kuimba tu. Kijana mmoja kanieleza hivyo juzi kwenye daladala, huku mwenyewe macho mekundu kwa tamthilia ya masultani wa Kituruki kwenye simu. Haya.

Chukua Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Wanalia, sikatai. Mafuriko yanakuja, mtoto mchanga anakufa, Nargis, anayeigiza mama aitwaye Radha, anakokota jembe begani mahali pa ng'ombe, na muziki unapanda mpaka mtaa mzima unajua unaangalia nini. Lakini balaa lote lile chanzo chake ni rupia 500. Mama mkwe wa Radha kaweka shamba rehani ili harusi ya mwanawe ifane. Mkopeshaji, Sukhilala, anadai robo tatu ya mavuno, na hiyo ni riba tu, deni lenyewe liko palepale. Wazee wa kijiji wanakaa kikao, wanasikiliza, wanampa ushindi Sukhilala. Hakuna sheria iliyovunjwa! Huyu mwovu hana jeshi wala uchawi. Ana daftari, na wadaiwa wake hawajui kusoma. Hata bangili za ndoa za Radha zinaishia mikononi mwake. Mume naye anapondwa mikono na jiwe akihangaika kufungua shamba la mawe ili walau pabaki chakula, kisha anatoweka kwa aibu.

Halafu tuambiwe mama zetu walikuwa wakilia ovyo ukumbini. Jirani yangu, muuza maandazi, alikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Walimbebea friji mchana kweupe, mjumbe akishuhudia, karatasi zote zina sahihi ya jirani mwenyewe. Mhadhara gani wa uchumi ungemweleza hali yake kuliko kile kikao cha wazee?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sinema yenyewe inaiogopa hasira iliyoiwasha. Birju, mtoto wa Radha aliyekulia ndani ya deni lile, anageuka jambazi, anamuua Sukhilala na kumteka binti yake. Anayempiga risasi ni mama yake mzazi, kwa ajili ya heshima ya kijiji. Kijiji kilekile kilichompa Sukhilala ushindi!

Na wapo wanaosema picha hii inaipigia debe serikali changa ya India, kwa sababu inaanza na kuishia kwenye mfereji mpya wa maji. Labda. Ila mfereji ukifunguliwa maji yanatoka mekundu kama damu, na sijawahi kuona serikali ikijitangaza hivyo.