Wimbi la Hokusai lilichongwa na nani?

Lile wimbi kubwa la Hokusai, mchoraji wa Japani, umeshaliona, hata kama jina lake hulijui. Liko kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye kava za simu. Wengi hudhani ni picha moja iliyochorwa na mzee mmoja kwa brashi yake. Dhana hiyo hunikera.

Mchoro wenyewe haupo. Hokusai alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mchongaji akapitisha kisu juu yake: akaibakiza mistari, akachimba pembeni. Mchoro ukaishia kwenye takataka za mbao. Kwa hiyo zile kucha za povu zinazotaka kuirarua mitumbwi zilichongwa na mtu mwingine. Saini ya Hokusai ipo kwenye picha. Ya mchongaji haimo.

Halafu kuna mpiga chapa. Kila rangi ilichongewa sehemu yake ya ubao, na pembeni kulikuwa na alama iitwayo kento, ya kuegemezea karatasi. Karatasi ikiteleza unene wa ukucha tu, bluu inamwagika nje ya mstari. Anapaka rangi, analaza karatasi yenye unyevu, anasugua mgongo wake kwa baren, kisugulio cha mviringo kilichovikwa ganda la mwanzi. Kisha anarudia, nakala baada ya nakala, mpaka ubao uanze kuchakaa.

Ufundi huu wa rangi nyingi ulishika kasi Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1765, enzi za mchoraji Suzuki Harunobu, matajiri walipokuwa wakipeana kalenda za picha. Mwenye mtaji alikuwa mchapishaji. Wimbi lilitolewa na Nishimuraya Yohachi, mwanzoni mwa miaka ya 1830, kwa bei isiyozidi sana bakuli la tambi. Bidhaa ya sokoni, basi!

Mwaka 1904 msanii Yamamoto Kanae alichora, akachonga na kupiga chapa picha ya mvuvi peke yake, na waliomfuata wakashikilia kuwa hiyo ndiyo sanaa ya kweli. Naipenda picha ile, ila hoja yao siikubali. Mikono mingi haikuipunguzia Edo usanii.

Ukibahatika kuiona karibu nakala nzuri ya enzi za Hokusai, iache milima kwanza. Tazama anga. Mara nyingi utaona nyuzi za mcheri zimejichapa zenyewe kwenye rangi.