Nyoka Kwanza, Ung'ongo Baadaye

Mwanamke anatembea peke yake usiku, kando ya ukuta wa bustani kubwa ya mjini. Nyuma yake kuna mwanamke mwingine, na viatu vya wote wawili vinagonga lami, ko, ko, ko. Mara viatu vya yule wa nyuma vinanyamaza. Wa mbele anageuka: hakuna mtu. Anakaza mwendo, anaanza kukimbia, na ghafla kinasikika kishindo kama mnyama anayefoka. Kumbe ni basi linafunga breki mbele yake.

Tukio hilo limo katika Cat People, filamu ya mwaka 1942 iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur. Hakuna damu, hakuna zimwi, hata mnyama mwenyewe haonekani. Hila hiyo ilikuja kuitwa "basi", na tangu hapo imeigwa mara zisizohesabika: mlango unaobamizwa, paka anayeruka kutoka kabatini, rafiki anayemshika mwenzake bega gizani. Nyingi ya hila hizo za kuigiza ni mbovu, na swali linalonishughulisha kila ninapokaa kutazama filamu ya kutisha ni kwa nini. Kishindo ni kilekile, na kitini naruka vilevile. Mbona moja naikumbuka miaka yote na nyingine imenitoka kabla taa hazijawashwa?

Ipo methali iliyonisaidia kuliko uhakiki mwingi nilioupitia: mwenye kuumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Katika Cat People tumeshaumwa. Tumeshaambiwa kwamba yule mwanamke wa nyuma anaamini wivu utamgeuza kuwa chui. Tumeona wanyama wakipagawa akiwakaribia. Tunajua pia kwamba ana sababu ya kumwonea wivu huyu anayetembea mbele. Lile basi ni ung'ongo tu, lakini sisi tayari tuna sumu mwilini. Filamu mbovu humrushia ung'ongo mtu ambaye hajawahi kumwona nyoka. Ataruka, ndiyo, kwa sababu mwili huruka kwa kishindo chochote, hata cha sufuria iliyoanguka jikoni. Huko ni kushtuka, na kushtuka si kuogopa.

Wapo mashabiki wanaoikataa hoja hii, na ninawaheshimu. Wanasema ni hoja ya watu wanaoionea haya starehe yao wenyewe. Filamu ya kutisha, kwao, ni jambo la mwili kabla ya kuwa jambo la akili: watu wanakwenda wengi, wanapiga mayowe pamoja, wanashikana mikono, wanacheka kwa kuona wamenusurika. Ukimdai mwongozaji falsafa wakati watu wamelipa ili mioyo iwaende mbio, unamdai kitu ambacho hakuahidi. Kuna ukweli hapo. Usiku bora niliowahi kuwa nao katika ukumbi wa sinema haukuwa wa filamu yenye hekima kubwa. Ulikuwa wa ukumbi mzima kuvuta pumzi kwa wakati mmoja.

Upande wa pili hupenda kujibu kwa maneno ya mwongozaji Alfred Hitchcock, aliyemweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut mfano wa bomu chini ya meza. Bomu likilipuka bila mtazamaji kujua, atashtuka kwa sekunde chache. Akiambiwa mapema kwamba lipo, mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa pale yatamtesa dakika 15. Mfano mzuri, ila wanaoutumia husahau kwamba Hitchcock huyohuyo, katika Psycho ya mwaka 1960, alimuua mhusika mkuu bafuni kabla filamu haijafika nusu, na hakumwonya mtu. Mshtuko mtupu! Hata muziki wa Bernard Herrmann, zile fidla zinazolia kama ndege anayechinjwa, Hitchcock hakuutaka mwanzoni. Alitaka tukio lile lisiwe na muziki wowote, akabadili nia alipousikia.

Je, alikwenda kinyume na mfano wake? Nadhani hapana. Mauaji ya bafuni ndiyo nyoka. Baada ya hapo filamu haihitaji kufanya makubwa. Mpelelezi anapopanda ngazi za nyumba ile, hatua kwa hatua, kofia mkononi, sisi tumeshamzika. Hapo ndipo mshtuko ulipo na kazi: uje mapema, uume kwelikweli, kisha uachiwe muda wa kupanda mwilini. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia filamu hiyo karibu picha kwa picha, safari hii kwa rangi, na watazamaji wengi hawakutikisika. Ngazi zilikuwa zilezile na fidla zilezile. Kila mtu alikwishajua bafuni kuna nini, kwa hiyo hakuna aliyeumwa.

Ubishi mwingine mkubwa ni wa kuficha na kuonyesha. Wanaosema "ficha" wana ushahidi wao mkuu, Jaws. Mwaka 1975 Steven Spielberg alikuwa na papa wa mashine aliyeharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi kamera imsake kwa njia nyingine: pezi, mapipa ya manjano yanayoburutwa juu ya maji, na zile sauti mbili za muziki wa John Williams zinazofuatana. Papa haonekani waziwazi mpaka saa nzima imepita. Ubovu wa mashine ukageuka sheria ya sanaa, nami niliiamini sheria hiyo kwa miaka mingi.

Iliyonibadilisha ni The Thing ya John Carpenter, ya mwaka 1982. Filamu hiyo haifichi kitu. Kifua cha mtu kinafunguka kikawa kinywa chenye meno na kuikata mikono ya daktari. Kichwa kinachomoka, kinaota miguu kama ya buibui na kutambaa kwenda zake. Wahakiki wengi wa wakati ule waliiona uchafu mtupu na watu hawakujaa kumbini, lakini leo ni vigumu kupata orodha ya filamu bora za kutisha isiyoitaja. Kwa sheria ya kuficha, filamu hii ingepaswa kuwa mbovu. Sivyo, na sababu nimeiona katika tukio la kupima damu.

Wanaume wamekwama kituoni Antaktika, na baadhi yao si watu tena, bali ni kiumbe kilichojifanya watu. Mmoja anawafunga wenzake kwenye viti, anachukua damu ya kila mtu na kueleza kanuni: kila kipande cha kiumbe hiki ni kiumbe kamili, kwa hiyo damu yake ikichomwa itajaribu kujiokoa. Anapasha waya moto, anaugusisha kwenye damu ya kwanza. Sss. Hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Kisha, akiwa katikati ya kubishana na mtu mwingine kabisa, macho yake yakiwa kwingine, anautia waya kwenye damu inayofuata bila kuitazama. Inaruka. Nimeitazama mara nyingi, najua ni damu ya nani, na bado mwili wangu haujazoea. Kinachofuata kinaonyeshwa chote, tena kwa ukaribu, na hakipunguzi hofu hata chembe. Nyama na meno tulizotangulia kuziona ndizo zilizotufundisha kitakachotokea damu hiyo ikiruka. Kuficha na kuonyesha ni vyombo tu. Mimi namuuliza mwongozaji kama amenifundisha cha kuogopa kabla ya kukileta.

Kuhusu damu na matumbo sina mengi. Kinyaa ni hisia halali lakini huchoka haraka, na ndiyo maana mifululizo inayokitegemea hulazimika kuongeza ndoo kila mara. Saw ya kwanza, ya mwaka 2004, ilikuwa zaidi fumbo la wanaume wawili waliofungwa minyororo bafuni kuliko machinjio. Zilizofuata ziliongeza mitambo ya mateso na kupunguza fumbo. The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974 inakumbukwa na wengi kuwa imejaa damu, ilhali damu inayoonekana humo ni kidogo. Nyingine wamejimwagia wenyewe kichwani.

Jambo linalonikera zaidi ni filamu zinazomweleza mwovu mpaka anaisha. Katika Halloween ya mwaka 1978 muuaji amevaa kinyago kilichotokana na sura ya mwigizaji William Shatner, kikapakwa rangi nyeupe hadi uso ukabaki hauna neno. Carpenter, aliyeiongoza filamu hii pia, amesimulia kwamba alimwonyesha mtendaji mmoja wa studio filamu ile kabla ya kuwekwa muziki, na haikumtisha hata kidogo. Akaamua kuiokoa kwa muziki, akautunga mwenyewe, ule wa piano wenye mapigo matano usiokupa pa kutulia. Uso mtupu na mdundo, basi. Filamu iliyoirudia mwaka 2007 ilitumia muda mrefu kusimulia utoto wa muuaji na ubaya wa nyumba aliyolelewa. Wanaoipenda wanasema inampa uzito wa kibinadamu, na ni kweli anapata huzuni. Lakini kila jeraha la utoto wake lilipoonyeshwa, mimi nilipata kitu cha kushika, na mtu mwenye cha kushika haanguki.

Hata hivyo upande wangu nao una makosa yake, na ni vizuri yasemwe. Tumezisifu mno filamu za polepole. Nyumba yenye kiza, familia yenye msiba, kamera isiyosogea, ukimya wa dakika nzima, halafu tunaambiwa hofu iko ndani ya msiba wenyewe. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine mwongozaji anamwona nyoka kuwa jambo la kishamba, anatukalisha saa mbili akitupungia ung'ongo, na sisi tunaogopa kuonekana wajinga tukisema hatukuona kitu.

Hereditary ya mwaka 2018 mara nyingi hutiwa katika kapu hilo, na watazamaji waliohojiwa na CinemaScore, kampuni inayokusanya maoni ya watazamaji, ilipotoka Marekani waliipa D+. Naelewa hasira yao ikiwa matangazo yaliwaahidi mbio na mayowe. Siikubali alama hiyo. Filamu ile inauma mapema, ndani ya gari, usiku, kwa ukatili ambao sikuutarajia. Baada ya hapo kijana anayeendesha hapigi kelele. Anaendesha hadi nyumbani, anaingia kitandani, na asubuhi kilio cha mama yake ndicho kinachotujulisha kwamba ameona kilichomo garini. Kuanzia hapo, mlio mdogo wa ulimi uliokuwa mazoea ya binti aliyekuwa naye garini unatosha kunifanya nitamani kuwasha taa.

Mfano unaogombanisha mashabiki kuliko yote ni The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Nusu wanaapa hakuna kinachotokea humo ila vijana kupotea msituni na kutukanana. Picha ya mwisho ni ya kijana amesimama kimya, uso umeelekezwa kwenye kona ya ukuta. Watazamaji wa majaribio walitishika lakini hawakuelewa kwa nini amesimama vile, na waongozaji wakarudi kupiga mahojiano ya ziada, yakawekwa mwanzoni: mtu anasimulia habari za muuaji wa zamani aliyewachukua watoto wawili wawili, mmoja akimsimamisha konani wakati anamuua mwingine. Maneno machache tu, yanayopita haraka. Aliyeyasikia huganda anapoiona kona ile. Yaliyempita anaona mgongo wa mtu na ukuta. Siwezi kumwambia huyo wa pili kwamba hakutazama vizuri, kwa sababu filamu yenyewe ilimuuma kwa jino moja, tena kwa kunong'ona.

The Thing nayo inamalizika kwa wanaume wawili wamekaa kwenye theluji, kituo kinateketea, na hakuna anayejua kama mwenzake ni mtu. Wapo wanaouita huo uvivu wa mwandishi. Wengine, kwa zaidi ya miaka 40, wanaisimamisha picha wakihesabu mvuke wa pumzi za kila mmoja. Mimi hutazama chupa. Mmoja anampa mwenzake, mwenzake anakunywa, na yule wa kwanza anacheka kidogo.