Limfoma ya via vya uzazi: picha isikilizwe kabla ya kisu

Likizuka suala la limfoma, saratani ya seli za kinga za mwili, inayoanzia kwenye ovari, kizazi au shingo ya kizazi, wengi hujibu kwamba picha ya ndani ya mwili haitaji jina la saratani; kinyama, kipande kinachokatwa na kupimwa maabara, ndicho kinachosema. Ni kweli. Ila kinyama huchukuliwa vizuri na daktari aliyekwisha kushuku, na shaka hiyo, kwa ugonjwa adimu hivi, mara nyingi hutoka kwenye picha.

Tazama MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ya shingo ya kizazi yenye limfoma. Shingo imevimba yote, lakini utando wa juu mara nyingi bado upo, mstari mwembamba usiokatika. Saratani ya kawaida ya hapo huanzia kwenye utando huohuo na kuula. Limfoma hukua chini yake. Ndiyo maana kipimo cha Pap, kinachokwangua seli za juu tu, mara nyingi hurudi safi. Kwenye ovari utaona uvimbe wa rangi moja, pengine pande zote mbili, na vifuko vya mayai vimesukumwa pembeni vikiwa vizima. Kipimo cha ADC, ambacho kwenye MRI huonyesha maji yanavyosogea kati ya seli, nacho hushuka sana, kwa kuwa seli zimebanana na maji hayana pa kupita.

Wenye mashaka wana hoja nzito. Uvimbe wa ovari ambao haujasambaa kwa kawaida hautobolewi kwa sindano, kwa hofu ya kumwaga seli tumboni. Picha ikikosea, saratani ambayo ingetolewa nzima itakuwa imetobolewa. Tena disjeminoma (saratani ya seli zinazozaa mayai) na sarkoma (saratani ya tishu kama misuli) huweza kufanana na limfoma, na kipimo cha damu cha CA-125 hakiamui, maana hupanda hata kwa limfoma yenyewe.

Lakini fikiria msichana mwenye limfoma ya Burkitt, ambayo seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Akitolewa ovari zote mbili, uwezo wa kushika mimba kwa mayai yake umekwenda, na tibakemikali, ambayo ndiyo hasa inayotibu limfoma, bado anaihitaji, sasa akiwa na kidonda cha kusubiri kipone. Hapo sioni mizani ikilingana.

Wala si lazima sindano iguse ovari. Ripoti ya picha ikitaja limfoma, hata kwa alama ya kuuliza, daktari atapima LDH, kimeng'enya cha damuni, ataagiza PET-CT, picha ya mwili inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi, na atatafuta tezi ya shingoni au kinenani iliyo rahisi kufikiwa. Ripoti ikiandika tu "uvimbe wa ovari, saratani haiwezi kukanushwa", mgonjwa anapelekwa chumba cha upasuaji.